UJUMBE WA SIMU NA AMANI YA MOYO

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja jambo ambalo baba zetu hawakufundishwa, maana wakati wao halikuwako. Lakini leo limeingia karibu katika kila nyumba, hata nyumba isiyo na taa. Jambo lenyewe ni ujumbe wa simu, yaani yale maneno mafupi tunayoandikiana kwa vidole, yanayofika kufumba na kufumbua. Hapa Songambele, na katika Kyerwa na Karagwe yote, mmoja husema, "Tangu kununua simu hii sina upweke tena." Mwingine husema, "Tangu kununua simu hii sina usingizi." Wote wawili wasema kweli. Basi na tuitafute sababu, tupate kujua jinsi ya kukitumia chombo hiki bila kuumizana.

1. Mjumbe wa zamani na mjumbe wa sasa

Wazee wetu wajua jinsi habari ilivyosafiri zamani. Mtu alitumwa kwa miguu, akapita vilima na mabonde siku nyingi. Alipofika alikaribishwa, akapewa buni za kutafuna, akapumzika, ndipo akasema neno alilotumwa. Yule aliyeipokea habari alimtazama uso, akamwuliza, "Aliyekutuma alisemaje? Alikuwa na hasira, au alicheka?" Hata barua zilipoingia, mtu aliandika kwa utaratibu, akasoma tena kabla ya kuifunga, kisha akangoja majuma kadha bila kufadhaika, kwa kuwa alijua ya kuwa njia ni ndefu.

Ujumbe wa kwanza wa maandishi kupelekwa katika simu ya mkononi ulipelekwa huko Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, nao ulikuwa salamu ya Krismasi. Mwaka 2009 ikaanzishwa WhatsApp huko Marekani, nayo ikaenea duniani. Leo mama aliyeketi chini ya migomba yake Songambele aweza kumwandikia mwanawe aliye Dar es Salaam, mbali zaidi ya kilometa 1,000, naye akasoma kabla chai haijapoa. Jambo hili ni jema sana. Lakini angalieni: mjumbe huyu mpya ana mbio kuliko wote, ila hana uso wala sauti, wala hatuwezi kumwuliza aliyemtuma alikuwa katika hali gani. Na penye pengo, moyo hulijaza wenyewe. Shikeni neno hili, maana ndilo msingi wa somo letu lote: mara nyingi kinachotuumiza si lile lililoandikwa, ni lile ambalo moyo umejiandikia mahali palipokuwa patupu.

2. Kimya

Tutoe mfano. Mama mmoja alimwandikia mwanawe wa mjini: "Mwanangu, hujambo? Mbona kimya?" Akaona zile alama mbili ndogo zinageuka rangi ya buluu, maana yake ujumbe umesomwa. Akangoja jibu. Jua likachwa, jibu halikuja. Usiku akaitazama simu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Moyo ukaanza kusema: "Amenidharau. Mke wake amemkataza. Au ni mgonjwa, nao wananificha." Usiku wa manane akaandika maneno makali: "Naona umepata mama mwingine huko mjini." Asubuhi alama zikageuka tena rangi, wala jibu halikuja.

Na yule kijana je? Alikuwa amepoteza kazi siku tatu kabla. Alisoma salamu ya mama yake akashindwa kujibu. Aliona haya kusema kweli, na uongo hakuutaka. Akaiweka simu, akingoja apate neno jema la kuandika. Aliposoma yale maneno ya usiku, mzigo wake ukazidi. Basi watu wawili wanaopendana walikosa usingizi usiku mmoja, kila mmoja akidhani ya kuwa mwenziwe amemtupa. Wahenga walisema: Kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini hawakusema ya kuwa mshindo huo ni wa vita. Pengine ni wa kilio.

Alama zile za buluu hazikuwako tangu mwanzo. Ziliongezwa Novemba 2014. Kabla ya hapo mtu aliweza kusema, "Labda hajasoma." Sasa ajua ya kuwa amesoma, lakini hajui zaidi ya hayo. Nusu ya maarifa yamsumbua kuliko kutojua kabisa. Kumbe sababu za kimya ni nyingi. Chaji imekwisha, na jua halikuwaka. Bando limekwisha. Mtandao umekatika mlimani. Mtu alifungua ujumbe akiwa anapima kahawa, akasema, "Nitajibu jioni," akasahau. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp yenyewe, pamoja na Facebook, ilizimika duniani kote muda wa saa sita hivi, tangu jioni yetu hata usiku wa manane, kwa kosa lililofanywa na mafundi wake wenyewe. Jioni ile wangapi walidhani wamedharauliwa, kumbe dunia nzima ilikuwa kimya!

3. Maneno yasiyo na sauti

Si kimya peke yake. Hata neno lililojibiwa laweza kupotea njiani. Mtu akikuambia mlangoni, "Haya, sawa," sauti yake yakujulisha kama amekubali, au amechoka, au amekasirika. Ukiyasoma maneno hayohayo katika simu, hujui ni lipi. Nawe ukiwa na hofu, utachagua lile baya.

Wataalamu wawili wa Marekani, Justin Kruger na Nicholas Epley, pamoja na wenzao, walilipima jambo hili, wakatangaza waliyoyaona mwaka 2005. Waliwapa watu kazi ya kuandikiana maneno ya kweli na maneno ya mzaha kwa barua pepe. Walioandika walitumaini ya kuwa wasomaji wangetambua vema karibu mara 8 katika kila mara 10. Lakini wasomaji walitambua mara zisizozidi sana nusu, karibu sawa na mtu anayebahatisha. Waliposema kwa sauti, walielewana vizuri zaidi. Ajabu ni hii, ya kuwa mwandishi hakujua ya kuwa hakueleweka. Aliisikia sauti yake mwenyewe kichwani alipoandika, akadhani na mwenziwe aisikia.

Jambo la pili lapita hilo. Mwaka 2012 Leslie Seltzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walitangaza habari za wasichana wadogo waliopewa kazi ngumu ya kuhesabu na kusema mbele ya wageni, hata wakafadhaika. Kisha wengine walikutana na mama zao, wengine walisema nao kwa simu, wengine waliandikiana nao ujumbe, na wengine hawakuwa na mtu. Mwili wa mwanadamu una homoni inayozidi wakati wa mashaka, iitwayo kotisoli, na nyingine inayozidi wakati wa kutulizwa na mpendwa, iitwayo oksitosini. Wale waliosikia sauti ya mama, ana kwa ana au kwa simu, miili yao ilitulia. Wale walioandikiana tu, kotisoli yao ilikuwa juu kama ya wale wasiopata mama kabisa, wala oksitosini haikuongezeka. Mama ni yuleyule, na nia yake ya kufariji ni ileile. Kilichokosekana ni sauti. Hapo twajifunza ya kuwa moyo ulioumia wahitaji masikio kuliko macho. Maandishi yapeleka habari vizuri. Kutuliza ni kazi ya sauti.

4. Hofu huambukiza

Katika mkoa wetu wa Kagera yalitokea mambo ambayo wataalamu wa dunia nzima huyasoma mpaka leo. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya misheni ya bweni ya wasichana huko Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Wengine wakafuata. Hata tarehe 18 Machi wanafunzi 95 katika 159 walikuwa wamepatwa, shule ikafungwa. Wasichana waliporudi kwao, jambo likafika Nshamba na mahali pengine, likawapata watu kwa mamia. Madaktari Rankin na Philip, waliochunguza na kuandika habari zake mwaka 1963, hawakuona sumu wala kijidudu. Waliona ya kuwa ni mashaka ya moyo yaliyopita toka mtu mpaka mtu. Tusiwacheke wasichana wale. Walikuwa watoto waliolemewa, na miili yao ilisema lile ambalo midomo haikuweza.

Siku zile hofu ilihitaji watu wakutane ndipo ipite. Leo yapita katika simu. Januari 2012 wenye Facebook walifanya jaribio kwa watu 689,003 bila kuwaambia, wakiwapunguzia baadhi yao habari za furaha na wengine habari za huzuni. Waliopunguziwa furaha wakaandika wenyewe maneno ya furaha machache kidogo. Habari hizi zilipotangazwa mwaka 2014 watu wengi walilaumu, kwa kuwa hawakuulizwa ruhusa, nao walilaumu kwa haki. Badiliko lenyewe lilikuwa dogo sana, lakini laonyesha ya kuwa hali ya moyo yaweza kupita hata kwa maandishi matupu.

Kumbukeni Machi 2023. Tarehe 21 Wizara ya Afya ilitangaza ya kuwa ugonjwa wa Marburg umeingia Kagera. Watu 6 walikufa kabla ugonjwa haujatangazwa kuwa umekwisha tarehe 2 Juni. Habari kama hii sharti ipelekwe upesi, nayo simu yasaidia kuokoa watu. Lakini mtu aliye katika makundi kumi, la ukoo, la kwaya, la wakulima wa kahawa, la shule ya watoto, akiipokea habari moja mara kumi, hapati habari kumi. Apata habari moja na hofu kumi. Naye akisambaza tena bila kuuliza, awapa wengine hofu yake wakati yeye mwenyewe hajapungukiwa nayo. Hata wenye WhatsApp waliliona jambo hili: mwaka 2019 waliweka mpaka wa kusambaza ujumbe kwa watu au makundi 5 tu kwa mara moja, na mwaka 2020 ule uliokwisha kusambazwa sana ukazuiwa usipite zaidi ya mahali pamoja kwa mara moja.

5. Je, tuitupe simu?

Hapana, ndugu. Kusema hivyo ni kumlaumu mjumbe kwa sababu hakuletwa na mgeni.

Huko Pittsburgh, Marekani, Robert Kraut na wenzake waliwafuata watu 169 wa nyumba 73 walioanza kutumia intaneti. Mwaka 1998 walisema ya kuwa waliotumia zaidi walizidi kidogo katika upweke na huzuni. Habari hiyo ilienea sana. Lakini walipowarudia watu hao baadaye, wakatangaza mwaka 2002 ya kuwa madhara yale yalikuwa yamefifia. Hivyo tusiwe wepesi kusema, "Simu yaharibu moyo," wala, "Simu haina neno." Swali lililo bora ni hili: Nani amwandikia nani, naye amwandikia nini?

Kraut huyohuyo pamoja na Moira Burke waliliuliza mwaka 2016, wakiwatazama watu zaidi ya 1,900 waliotumia Facebook. Waliona ya kuwa hali ya moyo ilikuwa bora zaidi kwa waliopokea maneno yaliyoandikwa kwa ajili yao wenyewe na mtu wa karibu. Kutazama tu yale yanayotangazwa kwa wote, au kupokea alama ya kubonyeza mara moja, hakukuonyesha faida hiyo. Basi zile picha za dole gumba na nyuso zinazocheka, zilizorushwa hamsini katika kundi, hazilingani na mstari mmoja wa mtu anayekujua: "Dada, leo nimekumbuka siku ya msiba wa mama yako. U hali gani?"

Na ukisema moyoni, "Labda nitamsumbua, ni miaka mingi hatukusemezana," sikia na hili. Mwaka 2022 Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake, katika majaribio ya watu zaidi ya 5,000, waliona ya kuwa yule anayemtafuta rafiki wa zamani hudhani ya kuwa rafiki atafurahi kidogo tu. Kumbe yeye hufurahi zaidi ya alivyodhaniwa, hasa asipokuwa akitazamia. Waliokimbilia mjini, waliooa mbali, waliovuka mpaka kwenda Uganda au Rwanda kutafuta riziki, wengi wao wangoja neno moja kutoka nyumbani.

6. Yafaayo kutendwa

Kwanza, tukisoma na kushindwa kujibu, tuandike maneno machache: "Nimeona. Nitakupigia jioni." Hayo yatosha kumpa mtu usingizi. Na tukiwa katika shida kama yule kijana, twaweza kusema, "Nina jambo zito, sijaweza kulisema bado, lakini sijakusahau."

Pili, tukiona kimya, tusiandike maana yake sisi wenyewe. Tuhesabu kwanza sababu za kawaida: chaji, bando, mtandao, kazi. Jambo lenye uchungu tusilijibu usiku, lingoje mapambazuko.

Tatu, neno la ugomvi, la msiba, la kuomba radhi, na la kuonya lisipelekwe kwa maandishi ikiwa sauti yapatikana. Kama vocha ni haba, dakika tatu za sauti zapita kurasa tatu za maandishi. Ujumbe wa sauti nao wafaa kwa mzee asiyesoma vizuri.

Nne, simu iwekewe saa zake. Mwaka 2015 Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wa Kanada waliona ya kuwa watu waliofungua barua pepe mara tatu tu kwa siku, muda wa juma moja, walipungukiwa na mashaka. Barua pepe si sawasawa na ujumbe wa simu, lakini shauri hili lafaa kujaribiwa: asubuhi, adhuhuri na jioni. Usiku simu ilale mbali na kitanda.

Tano, katika makundi, kabla ya kusambaza habari ya hofu, tuulize: Imetoka kwa nani? Je, yule nitakayempelekea aweza kufanya neno lolote kwa habari hii? Kama hawezi, tutakuwa tumemtwika mzigo bure.

Sita, na hili ni kwenu hasa, waalimu na wainjilisti. Siku moja utapokea usiku maneno kama haya: "Mwalimu, nimechoka na maisha." Usijibu kwa aya ndefu wala kwa picha ya mikono iliyokunjwa. Piga simu saa ile ile. Usiogope kumwuliza waziwazi kama afikiri kujiua; swali hilo halimtii wazo jipya moyoni, bali lamfungulia mlango wa kusema. Asipopokea, mpigie jirani yake aende. Asiachwe peke yake, na dawa za shamba na kamba ziondolewe karibu naye. Kukicha, enda naye mpaka kituo cha afya au hospitali, kwa maana huzuni kubwa ni ugonjwa unaotibika. Akiwa ni mtoto, iko pia namba 116 ya kuwasaidia watoto katika Tanzania, ambayo haitozi pesa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Na saa kama ile maandishi ni fimbo ya mbali.

Sasa turudi kwa mama yetu. Siku ya tatu jirani alimwambia, "Acha kuandika. Mpigie." Akaazima vocha, akapiga. Kijana alipoisikia sauti ya mama yake akakaa kimya kidogo, kisha akalia. Mama naye hakuuliza ya usiku ule. Alisema tu, "Mwanangu, umekula?" Walisema dakika chache, salio likakatika. Kazi ilikuwa haijapatikana, wala deni halikulipwa. Lakini usiku ule wote wawili walilala.

Ndivyo tulivyotaka kusema. Ujumbe ni mjumbe mzuri. Na atumwe, wala tusimchukie. Lakini mjumbe asiketi katika kiti cha mgeni. Kazi yake ni kututangulia mpaka tusikie sauti, na ikiwezekana mpaka tuione miguu ya mwenzetu ikiingia uani.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Je, uliwahi kukasirishwa na kimya cha mtu, kisha ukaijua sababu yake? Ilikuwa nini?
2. Ni maneno gani ambayo katika nyumba yako hayafai kupelekwa kwa maandishi?
3. Katika kundi lenu la simu, ni nani ambaye haandiki siku hizi? Ni nani atakayekwenda kumtazama juma hili?
4. Taja mtu mmoja ambaye hukusemezana naye mwaka mzima. Mtafute kabla gazeti la mwezi ujao halijafika.